Sindano ya Kamba Ndefu

Wiki iliyopita niliingia katika duka la nyuzi pale Nyawera, hapa mjini Bukavu, nikitaka sindano ya kufumia soksi. Ile ya mviringo, bila shaka umewahi kuiona: vijiti viwili vilivyounganishwa kwa kamba laini ya plastiki, ili kazi izunguke bila mshono. Binti wa dukani akanitandazia kamba za kila urefu juu ya meza, akaniuliza bila ubaya wowote, "Soksi za nani, maman? Mutoto iko na miaka ngapi?" Usinicheke. Nilisimama pale, mtu mzima na mvi zangu na mkoba wangu wa ofisi, nikaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Nikamwambia nitarudi.

Ngoja nikueleze. Wakati wa vita nilikuwa msichana mdogo, nikiishi kwa bibi mzaa mama huku juu mtaani Kadutu. Baba alikuwa mwalimu Kamituga, mji wa mbali porini. Mama, akiwa na mimba, alikuwa amekwenda kumtembelea, akaniacha kwa bibi kwa sababu ya shule. Angerudi kujifungulia Bukavu. Kisha njia ikafungwa, wenye bunduki huku, wenye bunduki kule. Shule nayo ikafungwa. Rafiki zangu wakapelekwa kwa ndugu zao, huyu kijijini Nyangezi, yule kijijini Mudaka, na ua wetu uliokuwa na makelele kutwa nzima ukabaki na kuku mmoja na mimi. Nilifunga kamba yetu ya kuruka kwenye mti wa parachichi, nikaizungusha, na hakukuwa na mtu wa kuiruka.

Siku moja mfanyabiashara aliyepita porini kwa miguu akatuletea habari: mama amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Bibi akapiga vigelegele jikoni, kisha akajiziba mdomo kwa kuwaogopa askari waliokuwa barabarani. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimeomba ndugu kwa miaka, na sasa ninaye, ila yuko upande wa pili wa vita.

Kwa bibi, mtoto alikuwa hajazaliwa sawasawa mpaka avishwe kofia na soksi. Bukavu ni mji wa baridi, na wazee wetu waliamini kwamba dunia nzima ina baridi hiyohiyo. Akatoa sindano zake, alizopewa na masista waliomfundisha kufuma alipokuwa msichana. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na kamba fupi, nami niliipenda hiyo, kwa sababu kazi inazunguka tu na mikono haisimami. Ya pili ilikuwa na kamba ndefu iliyojikunjakunja kwa kukaa. Kufuma soksi kwa hiyo lazima ugawe vitanzi nusu kwa nusu, uvute kamba itokeze pembeni kama sikio la mbuzi, ufume upande mmoja, uvute tena. Kero tupu. Bibi akaichovya ile ndefu katika maji ya moto mpaka ikalainika.

"Tate, tutumikishe hii fupi," nikamwomba. Tate ndivyo tulivyomwita bibi.

"Hii fupi iko ya muguu moja tu, ya mutu mukubwa," akasema, huku akiinyoosha kamba kwa vidole. "Hii murefu inafanyaka miguu yote. Hatuyuwe njia itafunguka siku gani, na mutoto anakomeaka, anakuwa mukubwa, hata kama njia imefungwa."

Nyuzi hazikupatikana sokoni, basi tukafumua trikoti la mama, sweta lake la kijani, alilolitundika nyuma ya mlango akisema atalivaa akirudi. Tulipoanza mkono wa kwanza nililia. Lilikuwa bado na harufu yake, sabuni na mafuta ya kujipaka. Bibi aliniacha nilie, akaendelea kuvuta uzi.

Kupima soksi, akina mama wa mtaani kwetu walikuwa na njia yao: unaizungusha soksi kwenye ngumi ya mtoto atakayeivaa, na kisigino kikikutana na vidole, basi inamtosha. Ngumi ya mdogo wangu ilikuwa Kamituga. Lakini jirani yetu alikuwa na mtoto wa umri uleule, tukawa tunaiazima ngumi yake. Kazi hiyo niliipenda kuliko zote. Nilimkunja vidole vile vyenye jasho, nikamzungushia soksi, naye akataka kuila. Kisha jirani naye akafunga vitu vyake akahama na mtoto wake mgongoni, na nyumba ile nayo ikanyamaza.

Kuanzia hapo bibi akawa anakisia. Alikuwa akikaza macho ukutani, halafu anasema, "Sasa anakaa," na kuongeza vitanzi. Baadaye, "Sasa anasimama." Jioni, baada ya bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, mvua ikipiga mabati, tulimzungumzia kama mtu aliyelala chumba cha pili. Mimi nilimpa tabia. Alikuwa mkaidi, hapendi kuogeshwa, anacheka akiwa usingizini. Nilikuwa mpweke sana, rafiki yangu, na kwa jinsi nilivyompenda mtoto yule hakuna mtu niliyempenda hivyo tena.

Njia ilipofunguka, wazazi wangu waliingia uani mchana, wamekonda, miguu imevimba. Sikumkumbatia mama. Nilikimbia moja kwa moja nyuma yake kuutazama mgongo. Kitenge alikuwa amekifunga kiunoni tu. Baba akanishika bega, akaniambia polepole kwamba mdogo wangu alikufa kwa homa, hata kukaa hajajua.

Bibi alitaka kuzificha soksi. Mama alikwisha kuuona uzi wa trikoti lake.

"Hapana, maman. Unionyeshe."

Akazipanga kitandani, ndogo kabisa mwanzoni, kisha iliyofuata, kisha iliyofuata, mpaka zikafika kwenye mto. Akaishika ile ya kwanza. "Hii ingemuenea," akasema. Akazitazama nyingine zote. "Kamituga kuko joto, maman. Angezivula." Akacheka kweli, na bibi akacheka naye, na ndipo wote wawili wakalia.

Alipojifuta uso, mama alinivuta kando yake, akagusa jozi ya katikati. "Na hapa? Hapa alikuwa anafanya nini?"

"Hapo alikuwa anaanza kusimama," nikamwambia.

"Na hapa?"

Nikamweleza. Jozi kwa jozi nilimweleza yote, ukaidi wake na vicheko vyake, naye alisikiliza mpaka giza likaingia na hatukuweza tena kuziona.

Soksi zile mama alizigawa kwa watoto waliokuwa wamekimbia vijiji vyao na kulala kanisani. Mparachichi ulikatwa, na pale ulipokuwa pamejengwa nyumba ya ghorofa. Bibi alifariki, na mama naye amemfuata. Mtoto aliyezikwa Kamituga bado ana baba wa kumlilia. Yule mwingine, aliyejifunza kukaa na kusimama huku Kadutu, ndiye mwenye soksi nilizoulizwa dukani, na anayemjua ni mimi peke yangu.