Barua ya Mwananchi Mwenye Uchungu

Nilikosea mimi. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ndiyo kazi niliyosomea.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila kijana wa Songea anatamba na suti ya mtumba. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tunajifunza uwakili kwa mzee mwenye ofisi pale Majengo. Mwenzangu Mhehe, mimi Mngoni, watani tangu enzi za mababu. Hapa nitamwita Mtani tu.

Tukaenda Dar pamoja kwenye mtihani, ule wa kuulizwa ana kwa ana. Jaji akaniuliza, "Hati ya kisheria isiyo na jina la aliyeitayarisha, inapokelewa?" Swali la mtoto hilo! Kichwa kikawa cheupe. Nikasema inapokelewa, kumbe haipokelewi. Mtani akafaulu, mimi nikaanguka.

Siku matokeo yalipofika naingia ofisini, wateja wamejaa kwenye benchi, namkuta Mtani kajipaka majivu, kajilaza mlangoni, analia: "Uwiii! Wakili wetu katutoka! Wangoni mmebaki na nani?" Watu wakavunjika mbavu. Utani ndivyo ulivyo, hata msibani mtani ana haki yake. Nilitakiwa nimmwagie maji, nicheke, yaishe. Lakini mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Namtumbo, mteja niliyemhangaikia miezi mitatu, akauliza, "Kumbe huyu kafeli? Basi faili langu apewe huyo anayelia."

Nikasema moyoni: utalia kweli, Mhehe wewe!

Wakati ule ukifaulu, ombi lako la kuapishwa linabandikwa mahakamani, na mwenye pingamizi anaruhusiwa kuandika. Nikasubiri wenzangu waende kula, nikakaa kwenye taipu. Nikaandika kwamba Mtani amempa mimba mama mmoja tuliyekuwa tunamtetea kwenye kesi ya talaka, kisha kamkana. Uongo mtupu! Na jamani, nisiwafiche, nilisikia raha. Nilitaka aanguke, tena aanguke vibaya kuliko mimi. Nikamalizia: "Ni mimi, Mwananchi Mwenye Uchungu." Nikafunga bahasha bila kurudia kusoma, mbio posta.

Wiki ya tatu mzee akatuita wote wawili. Barua ilikuwa imeletwa kwake atoe maelezo. Akanikabidhi mimi.

"Isome kwa sauti, kijana."

Nikaisoma, uso mkavu, mpaka kwa Mwananchi Mwenye Uchungu.

"Hujamaliza," mzee akasema. "Soma na pale chini kushoto."

Mungu wangu! "Imetayarishwa na:" halafu majina yangu, yote matatu! Tangu nifeli lile swali, mzee alinilazimisha kupiga chapa mstari huo kwenye kila karatasi, hata barua ya kuomba ruhusa. Vidole vilishazoea.

"Swali la jaji sasa umelijibu," mzee akasema. Hakuna aliyecheka.

Mtani akaniangalia. "Mimi nilijipaka majivu tu. Wewe umetaka kunizika."

Akaapishwa. Mimi sikurudi tena kwenye mtihani, maana mzee aligoma kunidhamini kuwa nina tabia njema, na alikuwa na haki. Leo nawapigia watu chapa barua zao huko Msamala.

Lakini kinachoniuma si hicho. Mama yangu alipofariki tulimzika Matogoro, na Mtani alikuja. Nilikuwa namwangalia kwa pembe ya jicho, naomba afanye utani wake, aruke kaburini, azuie jeneza, anitukane mbele ya ukoo mzima. Akanipa mkono. "Pole, ndugu." Akaenda kukaa na wageni.

Mliofeli wenzangu, lieni, pigeni ukuta ngumi, lakini msishike kalamu mkiwa na hasira. Na mtani akikucheka, mshukuru. Siku atakapokuita ndugu ndiyo utajua umempoteza.

Hapa chini sijaandika imetayarishwa na nani. Safari hii nimekumbuka.