Nilivyompa Ng'ombe wa Katito Ukoo wa Kuku

Jambo hili nimelificha miaka mingi, na hata sasa nikilisimulia natazama chini, lakini kwa kuwa watu wa Katito wanalisimulia vibaya kuliko lilivyokuwa (wanasema nililia, na sikulia), bora niliseme mwenyewe.

Mjue kwanza mimi si mtu wa hivi hivi. Nilitoka Nyakach na sanduku moja la mbao, nikajitafutia nauli kwa jasho langu mpaka Uingereza, nikarudi na diploma ya maabara, na kule nilikaa miaka miwili na watu waliokuwa wakisoma DNA ya virusi vya ndui herufi moja moja, kisha wanazipanga safu kwa safu, hii ya mbuzi, hii ya kondoo, hii ya kuku, na penye tofauti chache unajua hao waliachana juzi, penye tofauti nyingi unajua waliachana zamani sana, na hapo unachora mti wa ukoo. Kisumu nzima, katikati ya miaka ya tisini, niambieni nani mwingine alijua kuuchora. (Msijisumbue. Ni mimi peke yangu.)

Basi maabara mpya ya mifugo ilikuwa inafunguliwa mjini na mkuu wake anatafutwa, na Daktari Barasa, ambaye uamuzi ulikuwa wake, akaniita.

"Bwana Okumu, karatasi zako nimeziona. Sasa ng'ombe wa Katito wanatoka vinundu mwili mzima. Tafuta ugonjwa huo ni wa ukoo gani, uje uwaeleze wenye ng'ombe mbele yangu. Ukiweza, kiti ni chako."

Asubuhi ya kwenda kuchukua sampuli nilikuwa na nyembe mbili mpya, mmoja wa ng'ombe na mmoja wa kuku, kwa sababu mti wa ukoo unahitaji jamaa wa mbali wa kupimia, na kuku wa huko walikuwa na ndui vichwani. Nikajitazama kwenye kioo, nikaona kidevu hakimfai mtu aliyetoka ng'ambo, nikachukua wembe mmoja nikanyoa. Kosa lenyewe ndilo hilo, dogo kabisa.

Katito nilifikia kwa Mama Rispa, mjane mwenye ng'ombe watatu na kuku wasiohesabika, ambaye kazi yake hasa ni ya jagam, yule mshenga anayechunguza koo za kijana na msichana wasije wakaoana ndugu kwa ndugu. Nikakata kigaga cha jogoo wake, nikapangusa wembe kwa leso (ya hariri, niliinunua kule), nikakata kwa wembe huo huo kinundu cha ng'ombe kilichokuwa kimeshaanza kukauka. Mama Rispa ameshika kamba, anatazama tu.

Nikawatumia wenzangu wa zamani wasome herufi. Faksi ilipokuja ilikuwa na herufi za kuku, herufi za ng'ombe, na chini kabisa mstari mmoja kwamba sampuli zichukuliwe upya. Nikasema huu ni wivu wa wazungu. Nikapanga safu zangu, na hakukuwa na tofauti hata moja, na mimi, mtu mzima mwenye diploma, badala ya kushtuka nikafurahi.

Siku ya mkutano nilitundika mti wangu pale sokoni, nikaeleza nusu saa nzima, kisha nikatangaza kwamba ng'ombe wameambukizwa na kuku na kuku wote watolewe nyumbani wakachinjwe. Akina mama wakaanza kunung'unika. Mama Rispa akasimama.

"Daktari, huyu wa kuku na huyu wa ng'ombe wanafanana kiasi gani?"

"Herufi kwa herufi, Mama. Hata moja haipishani."

"Na wa mbuzi na kondoo, wanaolala zizi moja?"

"Hao wanatofautiana kidogo."

"Mimi nimeunganisha ndoa tangu hujazaliwa," akasema. "Ndugu wa tumbo moja hawafanani hivyo. Mapacha wangu mwenyewe hawafanani hivyo. Mtu akiniletea watu wawili wa namna hiyo, najua ameniletea mtu mmoja mara mbili. Siku ile kwangu, nyathina, mwanangu, ulikuja na nyembe ngapi?"

"Mmoja," nikasema.

"Wa pili ulienda wapi?"

Mkono wangu (sijui nani aliutuma) ukapanda wenyewe ukashika kidevu, na mzee mmoja wa nyuma akasema, "Omera, ndugu yangu, kumbe tulikuwa tuchinje kuku kwa ajili ya ndevu." Walicheka mpaka mti wangu ukaanguka na hakuna aliyeuokota.

Daktari Barasa hakucheka. Aliomba faksi, akaisoma mpaka chini.

"Huu mstari uliuona?"

"Niliuona."

"Ukafanya nini?"

"Nilichora mti."

Kiti alipewa Bi. Chebet wa Sondu, mwenye cheti tu, ambaye hajapanda ndege hata ya kuota, na mimi nikawekwa chini yake. Kazi ya kwanza aliyonipa ni kurudi Katito. Herufi mpya zilipokuja, ugonjwa wa ng'ombe ulikaa karibu na ndui ya mbuzi na ya kondoo, na kuku akabaki huko mbali, mambo ambayo vitabu vyangu mwenyewe vilikuwa vimeshayasema. Bi. Chebet alitaka niende nikawaeleze wenye ng'ombe, nikasema nina homa, akaenda yeye, akarudi na salamu za Mama Rispa kwamba siku nikitaka kuoa nisithubutu kujichunguzia ukoo mwenyewe.

Kuoa nilioa, na Mama Rispa ndiye aliyechunguza. Na mpaka leo jibu likinipendeza mno, siligusi kabla halijatazamwa na mtu asiyenipenda.