Kisa Nilichokinyoosha Kimemvunjia Jirani Yangu Ndoa

Admin, nifiche jina, ila maneno yangu usiyaguse hata nukta. Sababu utaiona mbele.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, naishi Chanika. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili mpaka shule yetu ilipofungwa. Siku hizi kazi yangu ni kunyoosha visa vya watu. Kuna ukurasa mmoja mkubwa kama huu, sio huu, watu wanatuma siri zao huko, na mwenye ukurasa ananirushia mimi nizisafishe kabla hajaziposti. Nyie wasomaji hamjui vinavyokujaga. Mtu kaibiwa mume na mdogo wake, analia kuanzia juu mpaka chini, hakuna nukta hata moja, na huelewi nani kapiga nani kapigwa. Nilikuwa nawacheka. Tena niseme ukweli, nilikuwa nawadharau. Mtu akishindwa kuieleza shida yake, nilimwona anaistahili.

Ili mtumaji asijulikane, tulikuwa tunabadilisha mtaa, kazi na idadi ya watoto. Miezi mitatu iliyopita kikaja kisa cha nesi wa Bunju mwenye watoto wawili. Mtoto wake wa mwisho ni wa shemeji yake, anayeishi nao nyumba moja, na mume hajui. Jambo zito hivyo, lakini kaliandika kama barua ya kuomba ruhusa kazini. Nikamhamishia Chanika, nikamfanya muuza maandazi, watoto wakawa wanne. Bado kisa kilikuwa kimepooza, hakina kitu ambacho msomaji angekiona kwa macho. Nikainua kichwa dirishani, nikamwona mtoto wa jirani yangu anachezea mchanga, ana baka jeusi shingoni. Nikampa mtoto wa kwenye kisa baka shingoni. Niliona limekaa vizuri.

Jirani yangu anauza maandazi. Ana watoto wanne. Shemeji yake anaishi nao. Yote hayo nilikuwa nayajua, na maandazi yake ndiyo niliyokuwa nanywea chai wakati naandika.

Mume wake ni fundi ujenzi. Wenzake walimsomea kile kisa kazini, saiti, wakicheka. Akarudi nyumbani mchana uleule, akamwaga unga uliokandwa kwenye mtaro, akamfukuza mdogo wake. Mkewe akaapa mpaka sauti ikamkauka. Akaomba mtoto apimwe, mume akakataa, akasema dunia nzima imeshampima. Yule mtoto ana miaka minne. Akimwamkia, "Shikamoo baba," anajibiwa, "Nenda kamwamkie baba yako."

Baada ya wiki jirani akaja kwangu, macho yamevimba. "Shikamoo mwalimu. Kuna mtu kaniandika huko mtandaoni, na mie sijui nimemkosea nini. Wewe si unajua kuandika? Niandikie hukohuko, niseme ile sio habari yangu. Ukiandika wewe wataniamini."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikachukua kalamu, nikamwambia, "Haya, anza na umri." Akilia namkatisha: "Usirukeruke, kilianza nini?" Mungu anisamehe, niliona kisa chake ni kizuri kuliko cha nesi. Nikakiandika kwa moyo wangu wote, sijawahi kuandika vizuri vile. Mwenye ukurasa akakiposti siku hiyohiyo.

Msomaji wa kwanza akaandika: "Huyu si yuleyule wa mtoto mwenye baka? Uandishi ni mmoja, hata anavyomalizia. Dada, uliungama mwenyewe, sasa unaogopa nini?" Wakamfuata mamia, wanacheka, wanaweka sentensi za visa viwili pamoja wafananishe. Kile cha kwanza kikageuka kuwa ungamo lake mwenyewe. Mume akavisoma vyote viwili, akamwambia mkewe, "Hivi vitu viwili kaandika mtu mmoja. Mie sio mjinga."

Na kweli, sio mjinga. Aliyeandika ni mtu mmoja.

Akamtoa na begi moja na yule mtoto wa baka. Wale watatu kabaki nao. Jirani yangu sasa yuko Temeke kwa mama yake, na dirishani kwangu hakuna tena anayechezea mchanga.

Nimefikiria kumwendea mume niseme ni mimi. Atasema nimetumwa na mkewe. Nikimwambia jirani mwenyewe, atajua kwamba siku ile alinililia mimi niliyemuua, na mimi nikawa namsahihisha. Nikinyamaza, yule mtoto atakua hana wa kumwamkia.

Jana jirani kanipigia. "Mwalimu, nakuomba tuandike tena. Safari hii jitahidi, andika vizuri zaidi."

Nimemwambia aje Jumamosi. Nishaurini ndugu zangu, kutukana mtukane, lakini nijibuni na hili: akishakaa pale mbele yangu, nianzie wapi?