Mkono Uliobaki Hewani

Juzi, langoni kwetu hapa Kisaju, mtoto wa jirani yetu Mmaasai alinijia akainamisha kichwa, kama watoto wao wanavyowasalimu wakubwa. Nikamgusa utosi kwa kiganja, akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki na hasira ya zamani.

Utotoni nilikuwa kwenye kambi ya likizo, tukitoka Kitengela kwa miguu na mwalimu wetu kupita mbugani, eti tujifunze historia na uongozi. Siku hiyo kiongozi nilikuwa mimi, filimbi shingoni. Tulifika kwenye boma la bibi tuliyeambiwa tumwite Koko, atusimulie habari za mahali pale. Palinukia moshi na maziwa, na kengele za mbuzi zililia polepole.

Nikanyoosha mkono kumsalimu, kama nilivyofunzwa nyumbani. Koko akautazama tu. Wenzangu wawili wa Kimaasai wakainamisha vichwa, naye akawagusa akitabasamu. Mkono wangu ukabaki hewani.

"Mwalimu, huyu bibi hanipendi," nikanong'ona.

"Kiongozi halalamiki," akanijibu, akicheka.

Si mwalimu angeniambia tu niinamishe kichwa! Nilikaa kando nimenuna mchana kutwa, nikisikiliza kengele, huku Koko akisimulia yote na wenzangu wakishangilia. Mimi sikushika hata neno.

Koko alishafariki. Boma lake limekatwa ploti, na moja ni yetu. Watoto wangu wakiniuliza ni nani walioishi hapa kabla yetu, nawaambia kulikuwa na mbuzi wenye kengele.