Nani Ameshika Poti 5100?

Bibi Waya hakusomea kompyuta. Aliajiriwa hospitalini kama mpiga chapa, enzi za karatasi ya kaboni. Kompyuta za kwanza zilipoletwa, wakachaguliwa wanaume watatu wenye suruali zilizonyooka wakasomeshwe. Wote watatu walifaulu, na wote watatu wakapata kazi kwingine. Kitabu cha maelekezo kikabaki juu ya kabati. Yeye akakisoma, mara ya kwanza kwa umbea tu, mara ya pili kwa hasira, na alipokimaliza mara ya tatu akawa ndiye fundi wa hospitali nzima. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitatu, magoti mabovu, na mdomo usiojua cheo cha mtu.

Mkuu wa maabara alikuwa mdogo wa mumewe. Basi ule utani wa nyumbani aliubeba mpaka kazini bila kuupunguza hata chembe.

Jumatatu hiyo asubuhi simu ililia kabla hajaweka mkoba chini.

"Shemeji, panda huku juu haraka. Tumevamiwa!"

"Na nani? Panya?"

"Wezi wa mtandao! Acha mzaha, daktari mkuu yuko hapa."

Akapanda ghorofa tatu, akizitukana ngazi moja baada ya nyingine.

Maabara ilikuwa vurugu tupu. Siku zote mashine ya kupima damu hutuma majibu yenyewe kwenye kompyuta ya dirishani, na wodi zote huyasoma kutoka hapo. Leo ilikuwa inayatapika kwenye ukanda wa karatasi, na wauguzi wanakimbia nayo koridoni kama wamebeba makaa ya moto. Kwenye kompyuta, program ya kupokea majibu ilikuwa ikifunguka, inasema neno moja, inakufa: poti 5100 inatumika. Walikuwa wameizima na kuiwasha kompyuta mara nne. Mara nne jibu lile lile.

Shemeji alikuwa ameshamleta mtaalamu, bwana mmoja wa tai nyekundu.

"Tufute kila kitu, tuanze upya," alisema Tai Nyekundu. "Wiki mbili."

Daktari mkuu, mama mrefu wa maneno machache, alikunja mikono. "Wiki mbili wagonjwa wangu wafanye nini?"

"Nipeni dakika kumi," alisema Bibi Waya, akivuta kiti. "Kabla hamjamzika, nimshike kwanza mapigo ya moyo."

Akafungua kwenye skrini lile dirisha jeusi la kuandikia amri. "Mama daktari, poti ni mlango tu, ila una namba. Program inayongoja kitu kutoka nje inakaa kwenye mlango wake, na mlango mmoja haukaliwi na wawili. Hii yetu imefika kazini, imekuta kiti kina mtu. Tunachotaka ni jina la huyo mtu."

Akaandika netstat -ano, amri ya kuorodhesha milango yote na wanaoikalia. Mistari ikamwagika. Akashuka nayo kwa kidole mpaka penye 5100. Mwishoni mwa mstari huo palikuwa na namba nyingine, 2764; kila program inayofanya kazi hupewa namba yake na kompyuta. Akafungua orodha ya program, akaitafuta 2764.

Akakohoa. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayetangaza matokeo ya mtihani: "Sambaza Nyimbo. Folda: Kwaya, Besi ya Pili."

Aliyeimba besi ya pili pale alikuwa mmoja tu, na masikio yake yalishaanza kuwaka.

"Shemeji," alisema Bibi Waya, "wezi wako wana sauti nzuri?"

Muuguzi mmoja alicheka mpaka akaegemea jokofu.

"Nilitaka wenzangu wa kwaya wachukue nyimbo kwa simu wakipita hapa," Shemeji alijitetea. "Niliiweka Ijumaa jioni, baada ya kufunga kazi. Sikujua inajiwasha yenyewe."

"Na katika namba zote duniani ukaona 5100?"

"Si umeibandika mwenyewe juu ya kompyuta? Nikajua ndiyo inayoruhusiwa. Ile ya kwanza, 8080, ilikataa. Ilisema ina mwenyewe."

Bibi Waya akarudi kwenye mistari ya milango, akaiona 8080. Alimjua mwenyewe wa 8080. Mwaka mzima nyuma, magoti yalipomzidi, alikuwa ameweka program ya kuiendesha kompyuta ile akiwa mezani kwake chini, asipande ngazi. Hakuiwekea nenosiri. Alisema ataliweka kesho.

Tai Nyekundu naye alikuwa anajua kusoma. Alishainama begani kwake. "Na hii ya 8080? Iko wazi kabisa. Mtu yeyote kwenye mtandao wa hospitali angeingia na kubadilisha majibu ya wagonjwa."

Bibi Waya angeweza kusema haijui. Hakuna ambaye angebisha. Lakini alimtazama yule mama mrefu, akaona aibu ya kudanganya itamkaa muda mrefu kuliko hii.

"Ni yangu," alisema. "Nimewacheka wezi wa kwaya, kumbe mlango wa kuogopwa nimeuacha wazi mimi."

Akaigeukia kompyuta. Akaifunga 8080 na kuifuta program yake, kisha akaifunga ile ya kwaya na kuizuia isijiwashe tena. Program ya majibu ikafunguka, safari hii haikufa. Majibu yakaanza kuingia, mstari juu ya mstari.

Daktari mkuu alisoma ya kwanza kumi kabla ya kufungua kinywa. "Barua mbili za maelezo mezani kwangu, leo. Na wewe, mama, kila Jumatatu utapanda hapa uhesabu milango yote, uniandikie kila mmoja ni wa nani."

"Kwa magoti haya?"

"Kwa magoti hayo hayo."

Walipobaki wawili, Shemeji alimsogezea kikombe cha chai. "Shemeji, barua inaanzaje?"

"Andika 'mheshimiwa' kwanza," alisema Bibi Waya, akijisugua goti. "Nikimaliza yangu, nakili. Badilisha jina tu."