Ngumi Mbili za Mama

Juzi, kwenye kituo cha watoto wenye usonji Kiembe Samaki, nilimwona mama akimfichia mwanawe komwe ya bao kiganjani. Mtoto alikuwa akitetemeka. Akachagua mkono, akatulia. Nikamkumbuka mdogo wangu Haji.

Alasiri moja tulipokuwa wadogo, mtaa wetu wa Ng'ambo ulinukia biriani, na ngoma za harusi zikarindima nyuma ya ukuta wetu. Haji aliziba masikio akapiga mayowe. Mama akaingia naye uvunguni, akaficha komwe.

"Iko wapi, babaangu?"

Haji akagusa ngumi moja, kisha nyingine, mpaka kilio kikamkatika. Mabega ya Mama yalitikisika. Nilidhani anacheka.

Baba akaingia. "Mtoto ana shetani, nawe wacheza naye? Nnampeleka shamba kwa mganga."

"Ndo kwanza ametulia, Baba Asha. Muache."

Baba alimvuta Haji kwa mguu. Mimi nilifurahi, niliamini mganga atampa dawa ya kusema.

Haji alirudi na chale kifuani, bado hasemi. Tangu hapo, Mama akimnyooshea ngumi zake, Haji alikimbilia uvunguni peke yake.