Bibi Mwanaidi Mbele ya Picha Yake

Ile siku ya Korogwe naikumbuka, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Nilimsindikiza Bibi Mwanaidi, jirani yetu wa Sindeni, kwenda kujiona kwenye maonyesho ya sanaa ya video. Binti mmoja msanii kutoka Dar alikuwa amemrekodi akisimulia alivyofiwa na mumewe, mfanyakazi wa shamba la mkonge, habari ambayo hata wanawe hawakuwahi kuisikia kinywani mwake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi majirani hatukuwahi kumuuliza.

Maonyesho yalikuwa ndani ya banda chakavu la mashine ya mkonge, palepale mume alipoumia. Picha ya Bibi ilijaa ukuta mzima. Binti akatueleza, "Ukisogea karibu, bibi anaongea. Ukirudi nyuma, ananyamaza. Nyinyi watazamaji ndio mnaoikamilisha kazi hii."

Lo! Wakaikamilisha kweli! Vijana wakaingia. Mmoja akasogea, na Bibi wa ukutani akaanza, "Mume wangu, ile mashine ilim..." Kijana akaruka nyuma. Kimya. "Oya, cheki bibi kaganda!" Mwenzake akasogea, naye akaruka nyuma. Vicheko. Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakuwaona hawa: guu zima, na wanalichezea! Enzi za ujana wetu ukimkata mzee kauli, utafute pa kulala. Na Bibi mwenyewe amesimama pembeni, kanga mdomoni, anaona yote.

Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Binti, uso umemshuka, akakimbilia kuzima mitambo.

"Usizime, mjukuu wangu," Bibi akasema. Akapita katikati yao, akasimama mbele ya picha yake. "Haya, mwenzangu, sema. Mimi nakusikia."

Picha ikasema yote. Mashine ilimshika mume mkono, akafia njiani kwenda hospitali, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe. "Akaniambia nisilie mbele ya watoto. Sikulia. Sasa watoto ni watu wazima." Pale ukutani Bibi akaangua kilio, na Bibi mwenyewe akabaki amesimama naye, hakusogea hata kidogo, mpaka alipomaliza. Wale vijana walikuwa wanatazama viatu vyao.

Hilo sijalisamehe mpaka leo: mtu mzima kujisikiliza mwenyewe kwa kukosa wa kumsikiliza!

Mwanangu, mzee akianza kusema, awe ukutani, awe kwenye simu, awe mbele yako barazani, tuliza miguu. Usimwache katikati ya neno. Heshima si utumwa. Ukichoka, choka ukiwa umesimama palepale. Mungu akupe subira ya kusikia, na siku yako ya kusimulia yaliyokuuma ikifika, akujalie mtu atakayebaki mpaka neno la mwisho.